Jengo la maabara Tudor: umbo la kuthubutu, lakini mandhari iko upande wa jua la jioni

msanifu_tudor

Salamu kwenu nyote. Naandaa pendekezo la jengo la maabara za utafiti la chuo kikuu, ghorofa nne, kwenye kiwanja cha mita 40 kwa 70 huku Tudor, kisiwani Mombasa, ukingoni mwa mkono wa bahari. Wenye mradi wanataka jengo ambalo mtu akiliona mara moja halisahau. Hawataki sanduku jingine lenye viyoyozi vinavyoning'inia ukutani na kuchuruzika maji. Ndani kutakuwa na maabara za kemia na za biolojia ya bahari, chumba cha hadubini ya elektroni, makabati kumi ya mvuke (yale ya kioo yenye feni ya kufyonza hewa ya kemikali), ofisi na ukumbi mdogo.

Rasimu ya kwanza ina ukuta wa kioo uliopinda, kimo cha ghorofa zote nne, unaotazama maji, yaani kaskazini-magharibi. Zege la nje liachwe wazi bila plasta. Mabomba na mifereji ya hewa ionekane nje kama Centre Pompidou ya Paris. Korido na ofisi zipoe kwa minara ya hewa kama jengo la Eastgate la Harare, ili bili ya umeme ipungue. Naomba mniambie kipi katika haya kitasimama Mombasa, kipi kitaanguka, na kwa nini. Vipimo vitanifaa kuliko maoni ya jumla.

daka_na_baraza

Kioo ndicho cha kwanza kuondoka, tena chote. Mombasa iko takriban nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Mwezi wa Juni jua linatua kama nyuzi 23 kaskazini ya magharibi, na ukuta wako unatazama nyuzi 45 kaskazini ya magharibi. Maana yake, jua la alasiri linakuja karibu kukabiliana na kioo uso kwa uso, tena likiwa chini. Kibaraza cha juu hakilizuii jua la namna hiyo hata ukikifanya cha mita tatu. Ukiweka kioo cheusi, utapunguza joto kiasi na mwanga mwingi, kisha taa zitawaka mchana kutwa.

Kosa hili lina historia. Msanifu Louis Kahn alipojenga maabara za Richards pale Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, umbo lake la minara lilisifiwa dunia nzima, lakini watafiti waliokuwa ndani walisumbuliwa na mng'ao wa jua mpaka wakafunika madirisha kwa karatasi na foili. Na hiyo ni Philadelphia, ambako jua si kali kama letu.

Badala yake vunja ukuta uwe meno ya msumeno. Ukuta wako una bahati moja: kaskazini-magharibi ni katikati kabisa ya kaskazini na magharibi. Gawa ukuta kwa mita 3.3, ambayo ndiyo nafasi ya kawaida ya jozi moja ya meza za maabara na njia yake. Kila jino litakuwa na pande mbili za mita 2.3: upande mmoja unatazama magharibi na ni ukuta mtupu, wa pili unatazama kaskazini na una dirisha. Jino linatokeza mita 1.65. Ukuta wa mita 60 unakupa meno 18 kwa kila ghorofa, na kivuli chake kinabadilika tangu asubuhi hadi jioni. Huo ndio uso ambao mtu hatausahau, na hukuhitaji kupinda chochote.

Sasa vipimo vya dirisha. Kwa upande wa kaskazini, ukitaka kuzuia jua la Juni kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, kibaraza cha juu kiwe na kina cha 0.7 ya kimo cha kioo. Kioo cha mita 1.5 kinahitaji kibaraza cha takriban mita 1.1. Upande wa kusini, kwa jua la Desemba, 0.5 inatosha. Lile jua la kutua litakaloingia kimshazari kutoka magharibi, lizuie kwa kurefusha ukuta mtupu mita 1 mbele ya ncha ya jino, kama pua. Jua la asubuhi kutoka mashariki linazibwa na jino linalofuata. Mtu aliyesimama dirishani bado anaona maji, kwa sababu upande wa kushoto uko wazi kupita ile pua.

Upande wa pili wa jengo, kusini-mashariki, ndiko upepo wa Kusi unakotoka. Usiuzibe. Kata uwazi wa mita 5 au 6 unaopenya jengo zima kutoka kusini-mashariki hadi majini, maabara zikae upande mmoja, ofisi na ukumbi upande wa pili. Huo ndio mlango wako mkuu. Nyumba za Mji wa Kale zina daka, pale penye kivuli kati ya barabara na mlango, na mabaraza ya kukalia pande zote mbili. Lifanye daka la ghorofa nne, na madaraja ya kuvukia kila ghorofa. Watafiti hukutana pale panapopita upepo na penye pa kukaa, na hakuna haja ya kupapoza.

hewa_na_mabomba

Nakubaliana na meno. Naanza na Eastgate, maana huletwa kila mara. Jengo lile la msanifu Mick Pearce lilikamilika mwaka 1996 katika mji ulio karibu mita 1,500 juu ya bahari. Usiku wa Harare ni wa baridi. Feni zinapitisha hewa hiyo ndani ya zege, zege linapoa, mchana linarudisha ubaridi. Mombasa mwezi wa Machi usiku hushuka hadi nyuzi 24 au 25 tu, na hewa imejaa mvuke. Ukiipitisha usiku kucha, asubuhi zege lako lina joto lilelile la jana, na kuta zina ukungu. Minara ya Startup Lions, kampasi ya teknolojia kule Turkana, kazi ya msanifu Francis Kéré, nayo inafanya kazi kwenye hewa kavu. Kwetu kinachopoza mwili ni upepo unaopita juu ya ngozi, kwa hiyo uwazi wa daka na feni za dari. Minara iache.

Kinacholitawala jengo hili ni yale makabati kumi, zaidi ya kioo na zaidi ya zege. Hesabu yake ni hii. Kabati la mita 1.5 lina mdomo wa kama mita 1.3 kwa 0.5 kioo kikiwa kimenyanyuliwa kiasi cha kufanyia kazi. Hewa iingie kwa mita 0.5 kwa sekunde. Hiyo ni mita za ujazo 0.325 kila sekunde, na yote inatupwa nje, hairudi. Kila unachotupa lazima ukilete upya kutoka nje, ukipoze na kukikausha. Hewa ya nyuzi 32 yenye unyevu wa asilimia 70, ukiishusha hadi nyuzi 13 ili iachie mvuke wake, inadai takriban kilowati 58 za ubaridi kwa kila mita ya ujazo kwa sekunde. Kabati moja ni kilowati 19. Kumi ni 190, kabla hujahesabu mtu, taa wala mashine hata moja.

Ndiyo maana viyoyozi vya ukutani havifai hapa. Vinazungusha hewa ileile ya chumbani, havileti mpya. Kabati linafyonza, chumba kinabaki na upungufu wa hewa, na hewa ya nje yenye chumvi na mvuke inaingia kila penye ufa: chini ya mlango, juu ya dari, kwenye soketi. Miezi sita baadaye dari lina madoa meusi. Weka mtambo wa kati wenye chila (mashine ya kupoza maji) na mashine ya kushughulikia hewa mpya. Makabati yawe na vali zinazopunguza hewa kioo kinaposhushwa, maana kioo kikishushwa mtu anapoondoka mzigo unaweza kushuka nusu. Ubaridi wa hewa inayotoka unaweza kusaidia kupoza inayoingia kwa koili mbili zilizounganishwa kwa bomba la maji. Usitumie gurudumu la kubadilishana joto, kwa sababu linarudisha kemikali ndani.

Na kuna zawadi. Kabati moja likifanya kazi katika hali hiyo ya hewa, mtambo unakamua lita 16 hivi za maji kila saa. Makabati kumi kwa saa nane ni lita 1,300, maji yasiyo na chumvi, katika mji ambao bomba halitoi maji kila siku. Yapeleke kwenye tangi la kusafishia vyoo na kuoshea uso wa jengo. Yasinywewe.

Kimo cha ghorofa kiwe mita 4.2 kutoka sakafu hadi sakafu. Ukibana hadi 3.3 kama jengo la madarasa, mifereji itapita chini ya boriti na dari litakuwa mita 2.2, kisha fundi atatoboa boriti bila kumwambia mhandisi.

Juu ya paa: Kusi inatoka kusini-mashariki, Kaskazi inatoka kaskazini-mashariki. Zote mbili zina upande wa mashariki. Kwa hiyo dohani za kutolea mvuke ziwe ukingo wa magharibi, na mdomo wa kuingizia hewa uwe mashariki, mbali na jenereta na maegesho, na umbali usiopungua mita 10 kutoka dohani iliyo karibu zaidi. Dohani zipande angalau mita 3 juu ya paa, na hewa itoke kwa kasi ya mita 15 kwa sekunde ili ipae kabla ya kuinamishwa na upepo. Usizivike kofia, kofia inairudisha hewa chini. Dohani kumi nyembamba zilizokusanywa katika vishada viwili zinaweza kuwa ndizo alama ya jengo lako ukitazama kutoka ng'ambo ya maji. Zipe nafasi hiyo, usizifiche.

zege_na_nondo

Zege wazi linawezekana Mombasa, lakini si kwa mazoea ya kawaida ya saiti. Adui ni chumvi ya hewani. Inapenya polepole hadi kwenye nondo, nondo inashika kutu, kutu inavimba, zege linameguka. Kwa nyuso zote za nje:

Kifuniko cha zege juu ya nondo kisipungue milimita 50. Hakikisha kwa vile vijiwe vya saruji ambavyo mafundi huviita biskuti, viwe vya milimita 50 kweli na vya mchanganyiko uleule wa zege. Vipande vya mbao au kokoto iliyookotwa havikubaliki. Maji yasizidi 0.45 ya uzito wa saruji, na saruji isipungue kilo 360 kwa mita ya ujazo. Saruji yenye pozolana (majivu ya volkano) ni nzuri hapa kwa sababu inapunguza upenyaji wa chumvi, ila inakomaa polepole, kwa hiyo mwagilia na funika kwa gunia na nailoni siku kumi, si tatu. Kokoto iwe ya mawe magumu, isiwe ya matumbawe, maana matumbawe yana vinyweleo na huenda yana chumvi tayari. Mchanga usiwe wa ufuoni. Maji ya visima vya kisiwani yapimwe kwanza: kloridi ikizidi miligramu 1,000 kwa lita, yasichanganyie zege la nondo, wala yasitumike kumwagilia.

Jambo dogo linaloharibu zege wazi kuliko yote ni ncha za waya wa kufungia nondo. Zikielekea kwenye plaiwudi zinabaki milimita mbili tu kutoka usoni, na baada ya masika moja ukuta una michirizi ya rangi ya chai. Zikunjwe zote kuelekea ndani, na mtu azikague kwa tochi kabla ya kumwaga. Kabla ya jengo lenyewe, mkandarasi amwage ukuta wa mfano wa mita 2 kwa 2, wenye kiungo na kona ya jino. Ukishakubaliwa ubaki saitini mpaka mwisho wa kazi, uwe kipimo.

Pompidou, hapana. Mabati ya mifereji ukingoni mwa bahari hayadumu, na hata chuma kisichoshika kutu cha daraja 304 kitapata madoa. Ukilazimika kutumia chuma nje, kiwe 316, na bado kioshwe kwa maji yasiyo na chumvi. Sehemu za kwanza kuchafuka ni zile zilizo chini ya vibaraza ambazo mvua haizifikii, inayonyeshewa hupona. Panga tangu mwanzo mtu atasimama wapi akizisafisha.

Hadubini ya elektroni iwe chini kabisa, juu ya slabu yake ya kama milimita 600, iliyotenganishwa na sakafu nyingine kwa nafasi ya milimita 25, mbali na lifti, transfoma na njia ya malori. Mwenye mashine atakupa kiwango cha mtikisiko. Vingi hudai mikromita 6 kwa sekunde au chini ya hapo. Ghorofa za juu mikromita 50 zinatosha kwa hadubini za kawaida, lakini usitawanye nguzo zaidi ya mita 7. Mita 6.6 kwa 6.6 inapatana na ile 3.3 ya meno.

Na kabla ya yote hayo, toboa ardhi. Kisiwa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe wenye mapango. Shimo moja la kupimia katikati ya kiwanja halisemi kitu kuhusu nguzo iliyo mita 8 pembeni. Piga tundu la uchunguzi chini ya kila nguzo.

msanifu_tudor

Shukrani sana. Kioo na Pompidou nimeviondoa, meno nimeyachora na yanakaa vizuri. Mawili yamebaki. Kwanza, Kahn baada ya Richards alijenga Salk Institute kule La Jolla, California, iliyokamilika mwaka 1965, na kila ghorofa ya maabara ina ghorofa ya mabomba juu yake. Je, nifanye vivyo hivyo? Pili, nataka korido ya maabara iwe wazi kwenye daka, bila kiyoyozi. Kuna tatizo?

meza_ya_maabara

Kabla hujajibiwa hayo, ongeza haya kwenye mchoro, kwa sababu huwa yanasahaulika mpaka samani zifike.

Maji ya bahari yasipande ghorofani. Vyumba vya matangi ya samaki na mwani viwe chini, sakafu iwe na mteremko wa 1 kwa 80 kuelekea mfereji, ipakwe epoksi na ipande ukutani milimita 150. Maji ya bahari yakimwagika kila siku juu ya slabu ya ghorofa, unailisha nondo ile chumvi aliyoieleza zege_na_nondo, tena kutoka ndani. Mabomba yake yawe ya plastiki kuanzia pampu hadi mwisho. Maji hayo yakitoka yasichanganywe na ya vyoo. Chumvi inaua vijidudu vya tangi la kuchakata. Sinki za kemia nazo ziwe na njia yake ya polipropilini (plastiki isiyoliwa na asidi) hadi tangi la kupunguza makali ya asidi.

Bafu la dharura linatakiwa kutoa lita 75 kwa dakika kwa dakika 15. Hizo ni lita 1,125 kwa ajali moja. Usilitegemee bomba la mtaa. Liwe na tangi lake lisiloguswa na matumizi mengine. Na tangi hilo lisikae juani juu ya paa, wala bomba lake lisipite juu ya slabu iliyo wazi. Maji ya kuoshea macho hayatakiwi kuzidi nyuzi 38, na bomba jeusi juani hapa linapita hapo kabla ya adhuhuri. Tangi liweke kivulini. Kila mtu afike bafuni ndani ya sekunde kumi bila kufungua mlango unaofungwa kwa ufunguo.

Milango ya maabara iwe na bawa la milimita 900 na jingine la 300. Friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri ina uzito unaozidi kilo 300 na haipiti kwenye mlango wa ofisi. Friza zote zikae chumba kimoja chenye ubaridi wake na mstari wake wa jenereta. Kila moja inatoa joto kama la pasi ndogo, usiku na mchana. Chumba cha baridi cha nyuzi 4 kiwe na kihami (tabaka la kuzuia joto) hata chini ya sakafu. Kisipokuwepo, dari la chumba kilicho chini yake litatoa jasho.

hewa_na_mabomba

Salk: ghorofa zile za mabomba zina kimo cha karibu mita 2.7. Ukifanya hivyo unajenga karibu majengo mawili, na kwa ghorofa nne utapata kimo kikubwa kisichokuwa na mpangaji. Chukua wazo, acha kimo. Unayo nafasi ndani ya meno: nyuma ya kila ukuta mtupu wa magharibi kuna pembetatu ya karibu mita za mraba 2.7. Tumia kila jino la tatu kama njia ya wima ya mifereji, kutoka sakafu ya chini hadi paa, yenye mlango wa ukaguzi wa ndani kila ghorofa na kizuizi cha moto panapokutana na slabu. Mifereji ya makabati iwe ya polipropilini. Hivyo mabomba yanaonekana kwenye umbo la jengo bila kuguswa na chumvi, dohani zinatokea moja kwa moja ukingo wa magharibi tulipozitaka, na siku maabara ya biolojia ikigeuzwa ya kemia hutoboi boriti.

Korido wazi: tatizo lipo, na ni kubwa. Maabara ya kemia lazima iwe na msukumo wa hewa mdogo kuliko nje yake, ili mvuke usitoroke. Kwa hiyo kila mlango ukifunguka, inavuta. Ikivuta kutoka korido wazi, inavuta hewa ambayo umande wake unaanza kwenye nyuzi 25 hivi, wakati kuta na mifereji ya ndani iko nyuzi 22 na chini. Maji yatajikusanya juu ya dari mahali usipopaona.

daka_na_baraza

Naongezea hapo kwa upande wa mchoro. Weka korido ya ndani ya mita 1.8 kati ya maabara na daka, yenye hewa iliyokaushwa tu, nyuzi 26, inatosha. Daka libaki wazi. Kati ya korido na daka kuwe na kichumba cha milango miwili, umbali wa mita 2.5 kati ya mlango na mlango ili toroli ipite bila kuifungua yote kwa pamoja. Milango ifunguke kuelekea daka, yaani upande wa kutorokea, na kwa kuwa hewa itakuwa inaivuta ndani ikae imefungwa, weka mikono ya kufungia inayorekebishika, la sivyo mtu mwenye sampuli mkononi hataweza kuisukuma.

Utando wa kuzuia mvuke kwenye kuta za maabara uwe upande wa nje wa kihami. Vitabu vya nchi za baridi huuchora upande wa ndani, na mafundi watauiga mchoro huo usipowaandikia wazi. Kwetu mvuke unasukuma kutoka nje kuingia ndani, mwaka mzima. Kwenye kona za meno, pale ukuta mtupu unapokutana na fremu ya dirisha, chora maungio hayo kwa kipimo cha 1 kwa 5 na onyesha utando ukipita bila kukatika hadi kwenye fremu. Una kona 18 kwa kila ghorofa, yaani 72, na kosa moja la mchoro litarudiwa katika kila moja.